Bawabu Anayewasikia Watu Wakizeeka

Saa kumi na mbili asubuhi kengele ya geti inalia, mara moja tu, fupi. Katika chumba kidogo chini ya ngazi, mwanamume wa miaka sitini na minane anaweka kikombe cha chai sakafuni, anafumba macho, anainua mkono wa simu iliyopachikwa ukutani.

"Nani?"

"Ni mimi," inajibu sauti ya kike iliyochoka.

Anabonyeza kitufe. Geti la chuma linakoroma, linafunguka. Hakuuliza mimi nani. Wala hakuchungulia, maana hana pa kuchungulia. Dirisha la chumba hiki lilizibwa zamani na ukuta wa duka la jirani, na kamera waliyoinunua wakazi kwa mbwembwe ilikutana na mvua ya kwanza ikafa palepale.

"Nesi wa ghorofa ya pili," anasema, akikirudia kikombe chake. "Katoka zamu. Leo amesimama sana, anaongelea puani."

Kengele tena. "Nani?" "Mimi." Kitufe. "Mama wa maziwa."

Tena. "Nani?" "Mimi, babu!" Kitufe. "Binti wa ghorofa ya kwanza. Ametoka sasa hivi, kasahau kitu. Huyu akiolewa atamsahau bwana harusi ukumbini."

Ndiyo kazi yake hiyo. Jengo lina ghorofa nne na milango kumi na sita, na kila binadamu anayefika pale getini, msomi na asiyesoma, mwenye gari na mwenye kandambili, anajitambulisha kwa jina lilelile moja: Mimi. Mwenye kuwatenganisha hao akina Mimi ni huyu bawabu. Watoto walimpachika jina la Babu Nani, likamganda, na siku hizi hata wazazi wao wanalitumia mbele yake bila haya.

Kengele inalia mara ya nne. Sauti hii ni ngeni.

"Nani?"

"Shikamoo mama. Naleta mtungi wa gesi, ghorofa ya tatu."

Babu Nani anafumbua macho. Anashusha pumzi. Anatazama ukuta.

"Marahaba," anasema. "Ingiza."

Si kosa la kijana wa gesi. Ukimsikia Babu Nani bila kumwona, unayemsikia ni shangazi mmoja mwembamba mwenye mafua. Ukimwona sasa, ndevu nyeupe, mabega ya mbeba mizigo, mikono kama makasia, unageuka nyuma kutafuta anayeongea yuko wapi.

Na sauti hiyo ndiyo iliyomletea balaa. Leo ni Alhamisi. Jumamosi kamati ya wakazi inakutana kuamua kama Babu Nani abaki au aende. Akienda, chumba nacho kinakwenda, kwa sababu chumba na kazi vilikuja pamoja. Aliingia humo na mke kijana, wakalelea humo mabinti watatu wakilala kwa zamu, na hawana paa lingine chini ya jua.

"Sina wasiwasi," anasema. Halafu anamwaga chai kwenye suruali.

Mwanzoni alichukuliwa kwa sauti hiyohiyo. Mwenye jengo wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, hakumdai cheti. Alimsimamisha upande mmoja wa barabara, yeye akavuka ng'ambo, magari yakipita katikati, akampungia mkono kwamba haya, amrishe.

"Nikasema: simama hapo!" anakumbuka. "Mwenye jengo akasimama. Mama mmoja na kapu lake akasimama. Mwendesha baiskeli akaingia mtaroni. Nikaanza kazi siku ileile, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtoa yule wa baiskeli."

Wakazi wa zamani wanaikumbuka sauti ile. Wanasema ilikuwa kama pipa tupu linaloviringishwa uwanjani. Watoto waliokuwa wakikojoa ukutani walikuwa wakimaliza haja yao njiani, wakikimbia.

"Mimi nilitongozwa kwa sauti," anasema mkewe, akichambua mchele kizingitini. "Sura mnaiona wenyewe."

Mke huyu anaitwa Chiriku. Ni jina la utotoni, alilopewa kwa sababu alikuwa na kisauti chembamba cha ndege, na akianza kuongea hanyamazi. Kuongea anaongea bado. Ila Chiriku wa leo akisema "habari za asubuhi", vikombe vinatikisika kabatini.

Haya. Msidhani ni utani wa gazeti. Mume alipopita miaka sitini, sauti yake ilianza kukonda na kupanda, kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi akitumaini haonekani. Mke alipopita hamsini, yake ikaanza kushuka. Mahali fulani kwenye ngazi hiyo zikapishana. Ni kana kwamba usiku mmoja wawili hawa walilala, sauti zikatoka kupunga upepo, na ziliporudi kila moja ikaingia koo la jirani.

Wapigaji wa kengele wamechanganyikiwa. Bawabu anaamkiwa mama. Mkewe akishika zamu anaamkiwa mzee.

"Juzi kaja muuza mafagio," anasimulia Chiriku. "Kanambia, shikamoo mzee, naomba kuongea na mama wa nyumba. Nikamwambia marahaba, unaongea naye. Nikasikia mafagio yanaondoka."

Na mjukuu wao, anayekaa mbali, naye ana kesi yake. Alipiga simu kumsalimia babu. Chiriku akapokea.

"Babu, shikamoo!"

"Mimi bibi."

"Basi nipe babu."

Babu akachukua. "Haloo, mjukuu wangu."

"Bibi, si nimesema nipe babu!"

Mtoto alikata simu kwa hasira. Wawili wale walicheka mpaka Chiriku akashika ukuta.

Nesi wa ghorofa ya pili, akiwa ameketi kwenye ngazi na viatu mkononi, anasema si uchawi. Ndani ya koo kuna nyuzi mbili za nyama, ndogo, urefu wake ni kama wa ukucha wa kidole gumba. Hewa ikipita zinatetemeka, na huko kutetemeka ndiko kusema kwetu kote, matusi na maombi. Mvulana akibalehe zinarefuka na kunenepa kwa haraka, ndiyo maana anakoroma kama chura katikati ya sentensi. Mwanamume akizeeka zinakonda, sauti inapanda. Mwanamke akimaliza mambo ya mwezi zinavimba kidogo na kuwa nzito, sauti inashuka.

"Na mapafu nayo yanachoka," anasema nesi. "Sentensi uliyoimaliza kwa pumzi moja ukiwa kijana, uzeeni unaigawa vipande viwili."

Babu Nani anamsikiliza kama anayesimuliwa habari za nyota. Hayo ya nyuzi hakuyajua. Aliyoyajua ni yale yanayotoka nje.

"Watu wanadhani mtu anazeeka nywele," anasema. "Nywele zinapakwa rangi. Makunyanzi yanapakwa poda. Sasa sauti uipake nini?"

Yule binti msahaulifu wa ghorofa ya kwanza, Babu Nani alianza kumsikia akiwa na siku mbili duniani. Mama yake alipiga kengele akitoka hospitali, na nyuma ya "ni mimi" kukawa na kingine kinalia, chembamba kama mlango unaohitaji mafuta. Kisha akawa anabebwa juu ili abonyeze mwenyewe, na badala ya kusema anapumua tu kwenye simu. Kisha "miii". Kisha "mimi" yenye pengo la meno. Kisha mwaka mzima wa "mimi" ya kununa. Sasa ana "mimi" ya mtu mzima, yenye haraka, na Babu Nani anasema humo ndani bado anaisikia ile ya pengo, imekaa chini kabisa.

Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne alikuwa na sauti ya kusimamisha darasa la watoto mia. Sasa inatoka getini kama karatasi inayoburutwa. Mwenyewe hajui. Akijisikia yeye, ni yuleyule.

"Hapo ndipo ninaposhangaa mimi," anasema bawabu, na mkono wake unabaki hewani, simu umeisahau. "Mtu anaibeba miaka yote, anaitumia kila siku, na inabadilika mdomoni mwake mwenyewe haisikii. Mimi nimekaa hapa kwenye kishimo changu, nasikia jengo zima linakomaa. Kila siku kidogo, kama unga unavyoumuka. Hakuna anayeniona nikisikia."

Hujua nani kang'oa jino, nani kaacha sigara, nani kairudia. Mimba ya nesi aliijua kabla ya mume wa nesi, kwa sababu mjamzito huishiwa pumzi katikati ya "ni" na "mimi".

"Ukamwambia?" anamchokoza Chiriku.

"Nimwambie ili nipigwe?"

Chiriku mwenyewe hana kipaji hicho hata chembe. Masikio yake yalianza kuziba mapema. "Kwangu wote ni mimi," anasema bila aibu. Akishika zamu hufungulia dunia nzima. Siku moja mumewe alirudi sokoni akakuta uani wachuuzi watatu na mbuzi asiye na mwenyewe, kila mmoja amefunguliwa kwa heshima zake.

Sasa balaa lenyewe.

Ghorofa ya tatu aliishi mtu aliyekuwa akitengeneza saa. Fundi Saa, ndivyo walivyomwita wote. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye sauti nene kidogo iliyokwaruza mwishoni, na alikuwa na mtindo wake: hakusema "ni mimi" tu, alisema "ni mimi, bwana", kama anayeomba radhi kwa kusumbua. Mwaka jana aliugua kwa muda mfupi akafariki, na miaka arobaini na mmoja tu. Babu Nani alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake kwenye ngazi hizi.

Alimwacha mjane, ambaye ni mshonaji, na mtoto wa kiume anayesoma shule ya bweni. Likizo iliyofuata msiba mtoto alikwenda kwa mjomba wake. Kwa hiyo miezi mingi ilipita bila kusikika getini.

Wiki mbili zilizopita, alasiri, mvua inamwagika kwa ndoo, kengele ikalia.

"Nani?"

"Ni mimi, bwana."

Babu Nani anasema alihisi maji ya mvua yamempata yeye, humo ndani, mgongoni.

"Mimi nani?" aliuliza. Ni swali ambalo kwa wakazi wa jengo hili alikuwa hajaliuliza kwa miaka.

"Mimi, bwana. Fungua, nalowa."

Ilikuwa ni yeye. Si mfano wake. Ni yeye, na mkwaruzo wake, na ile "bwana" yake. Na kwa kuwa Babu Nani ni mtu mwenye akili timamu, alifikia uamuzi ambao mtu mwenye akili timamu angeufikia: kuna mhuni nje anamwigiza marehemu.

"Ondoka hapo, mshenzi mkubwa!" alifoka, kwa ile sauti aliyonayo. "Huna mzaha mwingine?"

Hasira na mvua viliipotosha zaidi, hata mkazi asingeitambua. Halafu: "Samahani mama, sijui wewe ni nani, lakini mimi nakaa humu."

Kuitwa mama katikati ya hayo hakukusaidia.

"Mimi mtoto wa Fundi Saa!" sauti ikapiga kelele.

"Mtoto wa Fundi Saa namjua! Ana sauti ya kifaranga!"

Simu ile ina vitufe vya kuunganisha na kila nyumba juu. Kitendo kimoja kingemaliza ubishi: kumpigia mjane. Hakukifanya. Na hapa ndipo kosa lake lilipokuwa, kosa ambalo asingelifanya mtu mwenye dirisha.

"Nilifikiri asiisikie," anasema taratibu. "Mwanamke wa watu ametulia juu anashona. Nimwekee sauti ile sikioni? Nikasema liwalo na liwe, mhuni atachoka."

Mhuni hakuchoka. Alikaa kwenye mvua na sanduku lake la shule kichwani mpaka Chiriku alipotokea dukani, mwenye ufunguo wake mkononi, akamkuta anatetemeka. Masikio ya Chiriku ni mabovu, macho yake ni mazima. Alimburuta kwa mkono mpaka chini ya ngazi.

"Wewe mzee! Unajua umemfungia nani nje?"

Babu Nani akamtazama kijana. Miguu imerefuka, shingo imerefuka, kidevu kina manyoya matatu. Lakini macho ni ya mtoto yuleyule.

"Sema tena," akamwambia.

"Shikamoo, babu," alisema mtoto, kwa sauti ya baba yake.

Babu Nani akakaa kwenye ndoo. Ilikuwa na maji.

Alimpandisha juu yeye mwenyewe, suruali inadondoka maji, na njiani akampa amri: usifumbue mdomo mpaka nikuambie. Alitaka kumwandaa mama mtu. Hakujua anamwandaaje.

Mshonaji anaikumbuka siku hiyo hivi: "Nafungua mlango, namwona mwanangu kaloa chapachapa, kanyamaza kama bubu, na mzee nyuma yake kaloa makalio tu. Namkumbatia, namuuliza mbona husemi, wamekung'oa meno huko shule? Mzee ananiambia, mama, kaa kwanza. Nikajua mtoto kafukuzwa shule. Ndiyo akasema: shikamoo mama."

Anasawazisha kitambaa mezani ambacho tayari kimenyooka.

"Nilikuwa nimeacha pasi juu ya gauni la mteja. Liliungua likatoboka, moshi ukajaa chumba. Sikuona. Mzee ndiye aliyeondoa pasi."

Lakini kuna aliyeona upande mwingine wa mambo. Mwenyekiti wa kamati, mhasibu mstaafu, dirisha lake linatazama geti. Alimwona mvulana kwenye mvua, akamsikia bawabu akifoka kwa ile sauti. Siku chache kabla alikuwa amewaona vijana wa kuhamisha fanicha wakiamriwa wasiingize lori uani, wakicheka, wakimjibu "sawa shangazi", na kuliingiza. Akaitisha mkutano.

Jumamosi, saa kumi alasiri. Viti vya plastiki uani, kati ya magari na kamba za nguo. Babu Nani amevaa shati lililopigwa pasi. Chiriku amesimama nyuma kabisa karibu na bomba, akijifanya anajaza ndoo iliyokwishajaa.

"Sina ugomvi na mzee wetu," anaanza mwenyekiti, na si mtu mbaya, sauti yake inaonyesha. "Nauliza swali tu. Bawabu ambaye wa nje hawamsikilizi, na wa ndani hawafungulii, kazi yake sasa ni ipi?"

Watu wanatazama viatu vyao.

Babu Nani anasimama kujitetea. Woga unaipandisha sauti juu zaidi ya kawaida. "Wakazi wenzangu," anasema, na inatoka kama filimbi ya birika. Mtoto mmoja anaangua kicheko, mama yake anamfinya.

"Mwache acheke," anasema Babu Nani. "Cheka tu, baba. Na wewe yako iko njiani inakuja."

Anakiri yote. Lori, kweli. Mvua, kweli. Anasema kwamba kwa miaka yote aliyokaa hapa hakuwahi kumwacha mkazi nje, na siku aliyomwacha alidhani anamlinda mkazi mwingine. Anakaa. Ni mtetezi mbaya wa nafsi yake.

Hapo mshonaji anasimama.

"Hakuna aliyeniuliza mimi," anasema, "na mtoto aliyelowa ni wangu. Nataka mjue kitu. Tangu mwanangu arudi, kila siku namtuma chini. Kanunue uzi. Katupe taka. Kanunue uzi mwingine. Nina uzi wa kushonea taifa. Mwaona, mtu akiwa mbele yako unamwona yeye, ni mwanao. Lakini getini haonekani. Anapiga kengele, na mzee nimemwomba, kabla hajamfungulia ananiunganishia juu. Nashika simu yangu, sisemi neno. Nasikiliza. Ni mimi, bwana. Halafu mzee anamfungulia, na mimi nakaa kidogo, mpaka apande."

Kutoka safu ya nyuma, ambako kijana alikuwa amejikunyata akitumaini ardhi immeze, inatoka sauti ya aibu kuu:

"Mama! Jamani!"

Uani kote vichwa vinageuka nyuma. Chiriku amelifunga bomba. Walio wengi hapa hawakuwahi kumsikia kijana tangu arudi, walimpita tu kwenye ngazi akiitikia kwa kichwa, kama vijana wa umri huo wanavyofanya. Sasa wamesikia. Nesi ameweka kiganja mdomoni. Mwalimu mstaafu ameinuka nusu kwenye kiti, anatafuta kwa macho mtu ambaye hayupo.

Mwenyekiti na Fundi Saa walikuwa wakicheza drafti kila Jumapili uani hapa, kwa miaka.

"Sema tena," anasema mwenyekiti.

"Niseme nini, mzee?"

"Chochote."

"Mi sijui niseme nini, bwana."

Mwenyekiti anavua miwani. Anaifuta, anaishika kwenye mwanga, anaifuta tena ingawa haina kitu.

"Hivyohivyo," anasema hatimaye. "Nikimla kete tatu kwa mpigo, ndivyo alivyokuwa akinijibu. Hivyohivyo." Anavaa miwani. "Jamani, suala la mvua nalifuta. Hata mimi ningemwacha nje. Ningemwacha na ningekimbia."

Kicheko kinachotoka hapo ni cha watu waliokuwa wakizuia kitu kingine.

Limebaki la lori. Mwenyekiti ni mhasibu, haachi kitu nusu. Anasema huruma ni huruma, lakini geti linahitaji sauti inayotisha.

"Kama shida yenu ni sauti," linasikika jibu kutoka upande wa bomba, zito, likigonga kuta nne za ua, "si mngesema mapema?"

"Nani yule mwanamume?" anauliza mkazi mpya wa ghorofa ya kwanza.

Ni Chiriku, na ndoo yake.

Mtu akapendekeza basi kazi apewe mama, mzee apumzike. Chiriku mwenyewe ndiye aliyekataa, akawakumbusha habari za mbuzi. Yeye ana koo, masikio hana. Mumewe ana masikio, koo limekwenda matembezini. Ukimchukua mmoja umenunua nusu bawabu.

Kwa hiyo wamewachukua wote. Tangu wiki iliyofuata, Chiriku, aliyemshikia mumewe zamu bure tangu ujana, anapokea mshahara wake wa kwanza maishani. Ni mdogo. Aliununulia blanketi, kisha akamkataza mumewe kulalia upande mpya.

Utaratibu wao ni huu. Kengele ikilia wanaegemeza vichwa kwenye simu moja, shavu kwa shavu, kama wanafunzi wawili wanaosikiliza redio kwa siri. Chiriku anauliza "Nani?" na geti linatetemeka. Babu Nani anafumba macho. Akimgonga mkewe goti mara moja, afungue. Mara mbili, aulize. Akimfinya, amfokee, na hiyo ndiyo wanayoipenda wote wawili.

Kunyamaza ndiko kunakomtesa mzee. Siku ya kwanza alisahau, wakauliza "Nani?" pamoja, mmoja juu mmoja chini. Fundi bomba aliyekuwa nje akajibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, na shikamoo mama," na kila mmoja akaitikia ya mwenzake, maana kusahihisha kungechukua siku nzima.

Vijana wa fanicha walirudi wiki iliyopita na lori lao. Chiriku akasema neno moja. Walishusha makabati barabarani wakayabeba kwa mikono.

Akiulizwa anatarajia nini sasa kwa kuwa chumba kimebaki chao, Babu Nani hasemi nyongeza, wala shamba, wala kupumzika. Anakuna ndevu.

"Fundi Saa alikufa na miaka arobaini na mmoja," anasema. "Sauti yake niliisikia ikiiva. Sikuisikia ikizeeka. Ilikatikia njiani, na nilijua basi, hiyo sitaijua ilikuwa inaelekea wapi. Sasa imerudi. Iko mwanzo kabisa, bado inakwama ikicheka. Nataka kuifuata. Ifike arobaini na mmoja, ipite, ianze kukonda kama yangu. Niisikie hata mara moja tu."

Chiriku anahesabu kwa vidole. Kijana ana miaka kumi na sita. Anahesabu mara ya pili, kuhakikisha.

"Utakuwa na miaka tisini na mitatu."

"Ndiyo."

"Na hiyo ni kuanza kupita tu. Kukonda bado."

"Najua."

"Na sauti yako wakati huo itakuwa imepanda mpaka popo tu ndio watakaokusikia."

"Si utakuwepo? Utanisemea."

 Chiriku anarudi kwenye ungo wake wa mchele.

"Nitakusemea," anasema kwa ile sauti ya chini kabisa ya jengo. "Lakini zile dawa za presha unazoficha chini ya godoro ukidhani sizioni, uanze kuzimeza."

Babu Nani anainuka, anashika kiuno, anakwenda kuinua godoro.